Deni Likigeuzwa Bahari, Anayekaa Ufukweni Aulizwe Kwanza

Hotuba hii, kuhusu nchi kubadilisha deni lake kwa uhifadhi wa mazingira, niliitoa Msambweni, Kaunti ya Kwale, mbele ya wavuvi, wanachama wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo), akina mama wa samaki na wa mwani, walimu na wanafunzi wao. Wengi walioalikwa walikuwa baharini siku ile, wakaomba niwaandikie. Nimeiacha kama nilivyoisema. Picha za ukutani tu ndizo nilizoziruka.

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, ndugu zangu wavuvi, wanafunzi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: nawashukuru kwa kuniita nyumbani.

Mama yangu alikuwa mama karanga. Hapa sina haja ya kueleza. Mnamjua mama karanga: ndiye anayengoja chombo kitie nanga, anunue samaki wadogo, awakaange, awauze jioni kando ya njia. Mafuta ya kukaangia aliyachukua dukani kwa daftari. Kusi lilipoingia bahari ikachafuka, samaki wakaadimika, ukurasa wake ukajaa. Akawa anadaiwa shilingi elfu tatu, na wakati ule elfu tatu ilikuwa pesa.

Mwenye duka alikuwa anajiandaa kuhama. Alijua wazi kwamba akiondoka, zile elfu tatu hatazipata zote. Mjomba wangu akamwendea, akamwambia: nikikupa elfu moja mkononi leo hii, utanikabidhi ukurasa wa dada yangu? Mwenye duka akapiga hesabu kichwani, akachana ukurasa, akapokea elfu moja yake.

Mjomba hakuishia hapo. Alikuja nyumbani, akaketi mkekani na mama, akamwambia: "Dada, deni lako sasa liko kwangu, na mimi sitaki unilipe. Ile hamsini uliyokuwa ukimpelekea mwenye duka kila wiki, iweke karo ya huyu mtoto. Unakubali?" Mama hakujibu papo hapo. Akauliza: "Na wiki ambayo bahari imechafuka?" Mjomba akasema: "Wiki hiyo tutangoja." Akauliza tena: "Pesa nitampa nani, wewe au mwalimu?" Mjomba akasema: "Mwalimu. Mimi nioneshe risiti." Hapo ndipo mama alipokubali. Mtoto mwenyewe ndiye huyu anayezungumza nanyi leo.

Kwa nini naanza mbali hivi? Kwa sababu jambo nililoitiwa hapa, la nchi kubadilisha deni kwa uhifadhi wa mazingira, ni jambo hilohilo la mjomba na ukurasa wa daftari. Mwanasayansi mmoja Mmarekani, Thomas Lovejoy, alilipendekeza hadharani mwaka 1984. Nchi za Amerika Kusini zilikuwa zimezama katika madeni, na ili zipate dola za kuwalipa wadai zilikuwa zinauza kila kilichouzika, msitu ukiwa wa kwanza. Lovejoy akauliza: kwa nini sehemu ya deni isifutwe, na pesa ambayo ingelipwa kwa mdai ibaki nchini ilinde msitu?

Sasa mtaniuliza, deni la nchi linauzwaje? Linauzwa kama ukurasa ule. Benki iliyoikopesha nchi ikianza kuhofu kwamba haitalipwa, inakubali kupokea kidogo leo kuliko kungoja kikubwa cha kesho kisicho na hakika. Hatifungani za serikali, yaani hati za ahadi ya kulipa mkopo, huuzwa na kununuliwa kila siku, na nchi ikiyumba bei yake huanguka. Dola moja ya deni inapatikana kwa senti hamsini, kwa thelathini, hata kwa kumi na tano. Anayelinunua kwa bei hiyo anakuja kwa serikali na kusema: nitakupunguzia, nawe sehemu ya nafuu hiyo utaiweka katika mfuko wa kulinda mazingira, kwa fedha ya nchi yako, kwa miaka kadhaa.

Ni wazo zuri. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini nimekuja kuwaambia kwamba wazo hili hili limewahi kuwa baraka mahali fulani na dhuluma mahali pengine, na kilichotofautisha ni kama kulikuwa na mtu aliyeketi mkekani na mama.

Twendeni Bolivia. Mwaka 1987 nchi hiyo ilifanya mapatano ya kwanza ya aina hii duniani. Shirika la Conservation International lilinunua deni la Bolivia la dola 650,000 kwa dola 100,000 tu. Senti kumi na tano kwa dola! Deni likafutwa, na serikali ikaahidi kulinda takriban hekta milioni 1.5 kuzunguka hifadhi ya Beni, katika nyanda za chini za mto Amazon, na kuweka fedha ya nchi yenye thamani ya dola 250,000 ya kuiendesha hifadhi. Dunia ilishangilia. Magazeti yaliandika.

Lakini fedha ile ilichelewa karibu miaka miwili. Tena msitu wenyewe haukuwa mtupu. Ndani yake walikuwamo Wachimane, watu wa msitu ule tangu enzi za mababu zao, wawindaji, wavuvi na wakulima wa mihogo. Walikuwamo pia wakata magogo wenye vibali vya serikali. Mapatano yaliandikwa baina ya shirika la kigeni na serikali ya mjini. Wachimane hawakuulizwa. Kibali cha magogo kiliendelea, mkangazi ukaendelea kuanguka, na karatasi ikaendelea kusema kwamba msitu unalindwa.

Ndugu zangu, unapolinda msitu bila kumuuliza anayelala ndani yake, unamlindia nani?

Agosti 1990, wenyeji wa nyanda zile, Wachimane wakiwamo, waliondoka mji wa Trinidad kwa miguu. Walikuwa mamia ya watu, wanaume, wanawake, na watoto mgongoni. Walitembea siku 34, zaidi ya kilomita 600, wakapanda kutoka kwenye joto la msituni hadi kwenye baridi ya milima ya Andes, mpaka La Paz, penye serikali. Waliyaita matembezi yao ya ardhi na heshima. Na serikali ikasalimu amri: ikatoa maagizo ya kuyatambua maeneo yao kisheria. Nami huwa najiuliza, lile walilolipata kwa siku 34 za malengelenge, lingegharimu nini kama mwaka 1987 mtu mmoja angeketi nao na kuwauliza?

Kumbukeni Bolivia. Siku mkiambiwa kwamba ufukwe fulani au mikoko fulani imeingia kwenye mapatano na wadai, kumbukeni Bolivia.

Sasa tugeukie bahari yetu wenyewe. Shelisheli ni majirani zetu wa Bahari Hindi. Aldabra, kile kisiwa chao cha kobe wakubwa, kiko karibu zaidi na bara la Afrika kuliko kilivyo karibu na Mahé, kisiwa chao kikuu. Nchi ina watu kama laki moja tu, lakini bahari yake inazidi kilomita za mraba milioni 1.3, zaidi ya mara mbili ya ardhi yote ya Kenya. Mwaka 2008 Shelisheli ilishindwa kulipa madeni yake, na kwa miaka kadhaa ikawa inajadiliana na wadai.

Kwa msaada wa shirika la The Nature Conservancy, mapatano yalifikiwa mwaka 2015 na kukamilishwa 2016. Deni la dola milioni 21.6, lililokuwa mikononi mwa serikali za kigeni, lilinunuliwa kwa takriban milioni 20.2. Angalieni vizuri: punguzo lenyewe lilikuwa dogo mno, si kama la Bolivia, si kama la mjomba wangu. Faida haikuwa kwenye punguzo. Faida ilikuwa kwamba deni halikulipwa tena Ulaya. Serikali sasa ililipa kwenye mfuko wa nyumbani, uitwao SeyCCAT, kwa muda mrefu zaidi, na sehemu ya malipo ikawa inarudi kwa vikundi vya wavuvi, watafiti na vijana wanaoandika miradi yao wenyewe.

Kwa upande wake Shelisheli iliahidi kulinda asilimia 30 ya bahari yake. Kabla ya hapo eneo lililolindwa halikufika hata asilimia moja. Je, walichukua ramani na kuchora mistari usiku? Hapana. Walianza kupanga mwaka 2014, na mpango ukachukua miaka sita. Wavuvi waliitwa, wenye mahoteli waliitwa, wenye bandari waliitwa, wakabishana kipande kwa kipande: hapa jodari hupita, hapa kasa hutaga, hapa babu yangu alitega. Machi 2020 Rais Danny Faure akatia saini, na kilomita za mraba zipatazo 410,000 zikawa hifadhi. Takriban nusu ya eneo hilo imefungwa kabisa kwa uvuvi na uchimbaji. Nusu nyingine shughuli zinaruhusiwa kwa masharti. Watu wa Kuruwitu kule Kilifi watanielewa haraka, kwa kuwa wao walitenga tengefu yao, kipande cha bahari kisichovuliwa, wenyewe kabla ya mpango wowote wa wadai, na wanajua kwamba mstari wa baharini haushikiki kama mvuvi haukubali moyoni.

Je, Shelisheli kila kitu ni shwari? La. Bahari pana kiasi hicho ni kazi kubwa kuilinda kwa doria za nchi ndogo, na meli za kigeni zinazofuata jodari ni nyingi. Jodari huyo, kwa njia, ndiye anayepita hapa kwetu pia. Lakini msingi ulijengwa kwa kuketi pamoja, na ndiyo maana umesimama.

Baada ya Shelisheli mambo yalikua ghafla, nami nitapita haraka. Belize, mwaka 2021, ilinunua hatifungani zake za dola milioni 553 kwa senti 55 kila dola, kwa mkopo mpya uliopangwa na benki ya Credit Suisse. Deni la nchi likapungua kwa kiasi cha asilimia 12 ya pato lake la taifa, nayo ikaahidi kulinda asilimia 30 ya bahari na kutoa kama dola milioni 4 kila mwaka kwa miaka 20. Kuna jambo moja pale ambalo mama yangu angelipenda: mkopo ule uliwekewa bima ya vimbunga. Kimbunga kikipiga, bima inabeba malipo. Ndilo swali lake lile, na wiki ambayo bahari imechafuka?

Mwaka 2023 Ekwado ikavunja rekodi. Hatifungani za dola bilioni 1.6 zilinunuliwa kwa takriban milioni 644, na visiwa vya Galapagos vikaahidiwa mamilioni kila mwaka hadi 2041. Lakini mashirika ya kiraia ya Amerika Kusini yameuliza kwa sauti: kwa nini mfuko wa Galapagos umesajiliwa Delaware, Marekani? Mikataba yote iko wapi? Benki, mawakili na wenye bima walichukua kiasi gani? Haya ni maswali halali kabisa, na anayeyauliza asiitwe adui wa mazingira. Mama aliuliza pesa atampa nani, na mjomba hakukasirika.

Agosti mwaka huohuo Gabon nayo ikafanya mapatano ya dola milioni 500, ya kwanza ya ukubwa huo katika bara letu, kwa ajili ya bahari na fukwe wanakotaga kasa wakubwa. Mwezi haukuisha, tarehe 30 Agosti, jeshi likampindua Rais Ali Bongo. Mapatano ya miaka 15, na mtia saini hakumaliza wiki kadhaa madarakani. Serikali hupita. Kwa hiyo kama ahadi ya kulinda bahari imekaa mfukoni mwa serikali peke yake, nayo yaweza kupita. Ikikaa kwa wavuvi, kwa mfuko wenye bodi yake, kwa sheria iliyochapishwa, itabaki hata viti vikibadilishwa.

Wengine hudhani haya ni mambo ya nchi za joto na visiwa tu. Poland, ya Ulaya, ilipopunguziwa madeni mwanzoni mwa miaka ya 90 iliomba wadai wake wakubali asilimia 10 ya deni iende kwenye mfuko wa mazingira wa Wapolandi wenyewe. Mfuko ule ulifanya kazi hadi mwaka 2010, ukichagua miradi kwa ushindani, na pesa ilisafisha mito na hewa iliyokuwa imechafuliwa na makaa ya mawe. Hakuna aliyesema Poland inaombaomba.

Nasi je? Hebu niwaulize, na mnijibu kwa mikono. Nani hapa aliwahi kusikia kwamba mwaka 2006 Italia ilikubali deni la Kenya la takriban euro milioni 44 ligeuzwe miradi ya maji, afya na elimu? Naona mikono miwili. Wawili, katika ukumbi uliojaa! Na lile la mwaka 2023, Ujerumani iliposema euro milioni 60 za deni letu zitageuzwa miradi ya kijani? Mikono mitano. Si lawama kwenu. Ni lawama kwa wanaotia saini kwa niaba yetu na kutuachia tusome habari hizo kwenye gazeti lililofungiwa mandazi.

Sasa nizungumze na wale wanaotumaini kwamba kwa njia hii deni la Kenya litakwisha. Wazee wangu, halitakwisha. Lazima tuambiane ukweli. Euro milioni 60 ni shilingi kama bilioni 9. Deni letu la taifa limepita trilioni 10. Hiyo ni chini ya shilingi moja kwa kila elfu. Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili ipate ya kulipia mkopo wa 2014 uliokuwa unaiva. Pigeni hesabu nami: riba peke yake ni zaidi ya dola milioni 146 kwa mwaka. Riba ya mwaka mmoja, ya mkopo mmoja, ni zaidi ya mara sita ya deni lote ambalo Shelisheli ililigeuza kuwa bahari!

Mjomba alinunua ukurasa wa mwenye duka. Hakununua deni la nyavu la baba, wala la chama, wala la mwenye nyumba. Hayo mama aliendelea kuyabeba, na mengine aliyabeba hadi nilipopata kazi. Wachumi wa Shirika la Fedha Duniani, IMF, nao waliandika mwaka 2022 kwamba nchi iliyolemewa kabisa inahitaji deni lake lote lipangwe upya, na kwamba mara nyingi msaada wa moja kwa moja wa mazingira unafaa kuliko mzunguko huu. Sababu yake ni rahisi: ukinipunguzia deni la mmoja, wadai wengine wanafurahi, kwa kuwa sasa nina nguvu zaidi ya kuwalipa wao. Nafuu inavuja.

Kwa hiyo asije mtu akatuambia, mmepewa mapatano ya mikoko, nyamazeni kuhusu deni. Mwalimu Nyerere aliwauliza wadai katika miaka ya 80 kama ni lazima tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tuyalipe madeni yetu. Swali lile halijajibiwa. Hata mikoko yote ya Vanga hadi Kiunga ikilindwa, swali lile bado lipo, na tuna haki ya kuendelea kuliuliza tukiwa tunapanda mikoko.

Na kupanda tunajua. Hapo jirani, Gazi na Makongeni, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko huifyonza, tangu 2013 kutoka hekta 117 za mikoko. Si deni lile, ni biashara nyingine, lakini nendeni mkaone jambo moja: pesa ikiingia, kijiji kinakaa barazani na kuamua. Maji, vitabu, madarasa. Hesabu inasomwa mbele ya watu. Akija waziri, akija balozi, akija mtu wa benki na ramani yenye rangi, mwambieni hivi: sisi hatuanzi kujifunza leo. Tuleteeni mkataba kwa Kiswahili, wote, hata kurasa za ada za mawakili. Tuoneshe mfuko utasajiliwa wapi na nani watakaa kwenye bodi, na wangapi kati yao wamewahi kushika mshipi. Tuambie kusi likichafuka, ukame ukija, kimbunga kikipiga, malipo yatangoja au hayatangoja. Na mstari mtakaouchora baharini, njooni tuuchore pamoja, kwa kuwa ninyi hamjui samaki wanapita wapi.

Mjomba wangu hakuwa tajiri. Alitoa elfu moja. Lakini alikuja nyumbani, akavua viatu, akaketi, akauliza, "Unakubali?" Na alikuwa tayari kusikia hapana.

Naona maji yameanza kupwa, na mama wa mwani wana mashamba ya kwenda. Kwa hiyo maswali tutaanza nayo huko nyuma, kabla ya mwenyekiti na kabla ya mheshimiwa, wanisamehe. Mama, wewe uliyeinua mkono tangu nilipotaja Bolivia, mpitishieni kipaza sauti. Karibu, tunakusikiliza.